Sheria zipi kwa ligi yenu ya pool: za mtaani, Blackball au za Kimarekani?

Ligi nyingi ndogo za pool ninazozijua zilianza kwa namna moja. Baa nne au tano za jirani, kila moja na meza yake. Mtu mmoja anashika daftari, kiingilio kinakusanywa, ratiba inabandikwa ukutani. Sheria hakuna anayeiuliza, maana kila mtu anaamini anaijua. Jumatano ya kwanza timu ya mtaa wa juu inateremka kucheza ugenini, na gemu la pili halijaisha watu wameshasimama, kila upande unaapa kwamba pool duniani kote inachezwa hivi.

Nimeshika daftari la namna hiyo misimu minne, Mwanza. Tulianza na sheria za mtaani, tukajaribu za Kimarekani msimu mmoja mzima, na sasa tunacheza Blackball yenye viraka vyetu vichache. Ninayemwandikia ni yule ambaye daftari liko mkononi mwake leo na bado hajaamua. Kabla hajasoma sheria yoyote, ningemwomba ajiulize mambo mawili: sheria hii inamfanyia nini mtu anayekosa makusudi? Na je, inaweza kusimamiwa usiku ambao refa hayupo? Refa hatakuwepo. Ligi yetu haikuwahi kupata refa wa kila mechi, na sidhani yenu itampata.

Tunazungumzia nini hasa

Sheria za mtaani hazijaandikwa popote, na hilo ndilo tatizo lake la kwanza. Kinachofanana karibu kila baa ni adhabu: ukikosea, mwenzako anapata mapigo mawili. Zaidi ya hapo kila meza ina dini yake. Baa moja inataka nyeusi, mpira unaomaliza gemu, itajiwe shimo. Ya pili inataka igonge ukingo kwanza. Ya tatu inataka iingie shimo linalotazamana na lile ulilotumbukiza mpira wako wa mwisho. Mgeni hulijua hilo akishapoteza gemu.

Blackball ni sheria za Shirikisho la Dunia la mchezo huu, WPA, zilizotungwa kwa ajili ya meza ndogo na mipira ya rangi mbili, nyekundu saba na njano saba, pamoja na nyeusi. Asili yake ni pool ya kwenye baa za Uingereza. Kama meza yenu ina mipira yenye namba, sheria zinafanya kazi vilevile: namba ndogo zinakuwa kundi moja, namba kubwa kundi la pili.

Za Kimarekani ziko za aina mbili. Kuna 8-ball ya WPA (namba 8 ndiyo nyeusi), ile ya meza kubwa za futi 9 unayoiona kwenye video, ambapo kila pigo unataja mpira na shimo. Halafu kuna toleo la ligi ya APA, ligi ya wachezaji wa ridhaa iliyoanzishwa Marekani mwaka 1979 na wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart. Hili la pili ndilo linalotuhusu, kwa sababu lilitengenezwa kwa watu kama sisi: wafanyakazi wanaokutana baa jioni, wengine hodari, wengine wanajifunza kushika fimbo.

Zipo pia sheria za shirikisho jingine la pool, WEPF, ndugu wa karibu wa Blackball. Kwa ligi ya mtaa sioni sababu ya kuumiza kichwa juu ya tofauti zao, naziacha.

Tazama meza kwanza

Meza zetu nyingi ni za futi 7 na zinakula sarafu. Jambo hili linabadilisha mengi kuliko watu wanavyodhani. Mpira ukishaingia umemezwa. Hauurudishi mpaka uweke sarafu nyingine. Nyeupe, mpira unaopigwa kwa fimbo, peke yake ndiyo inayorudi, na kwenye meza nyingi za asili ya Kiingereza inarudi kwa sababu ni ndogo kidogo kuliko mingine, kama milimita 48 kwa 51, kwa hiyo mashine inaichuja na kuipeleka njia yake.

Sasa chukua swali dogo: nyeusi imeingia kwenye pigo la kufungua. Blackball inasema mipira ipangwe upya na aliyefungua afungue tena, bila adhabu. Ni haki, lakini kwa meza ya sarafu maana yake ni kulipa tena. Nani analipa? 8-ball ya WPA inampa aliyefungua hiari ya kurudisha nyeusi mezani au kufungua upya, na kuirudisha haiwezekani kama iko tumboni mwa meza. APA inasema aliyeingiza nyeusi kwa kufungua ameshinda gemu, alimradi nyeupe haikuingia nayo, ikiingia amepoteza. Hukumu ya APA inaonekana ya bahati nasibu, lakini kwenye meza ya sarafu ndiyo isiyozua ugomvi. Sisi tulibaki na Blackball, tukaweka kiraka: sarafu hiyo inatoka mfuko wa ligi. Kwa msimu mzima haikutugharimu hata bei ya soda chache.

Kufungua kwenyewe pia kunatofautiana. Blackball inataka uingize mpira au angalau mipira miwili ivuke mstari wa kati, ule unaounganisha mashimo mawili ya katikati. 8-ball ya WPA inataka uingize au mipira minne iguse kingo. Mtaani hakuna masharti, na ndiyo maana utamwona mjanja akiigusa pembetatu kama anaiamsha usingizini, mipira inabaki imekumbatiana, kazi ya kuivunja anaachiwa mwenzake. Mstari wa kati unaonekana na kila mtu aliyeko baa. Kuhesabu mipira minne iliyogusa kingo kwa wakati mmoja, usiku, taa moja juu ya meza, ni kazi ya refa.

Kosa la makusudi

Hapa ndipo ningependa ukae zaidi.

Msimu wetu wa kwanza, nusu fainali, kijana wetu alibakiwa na mpira mmoja na nyeusi. Mpinzani alikuwa na minne, na nyeupe ilikuwa imekaa vibaya kwake. Kupiga mpira wake kulihitaji kuzungusha kingo mbili. Hakujaribu. Aliisukuma nyeupe taratibu, ikaenda kujificha nyuma ya kundi la mipira yake, haikugusa kitu. Akasimama, akasema, "Haya kaka, mapigo mawili yako."

Kwa sheria yetu ya wakati ule alikuwa sahihi. Nyeupe haihamishwi isipokuwa imeingia shimoni. Kijana wetu akawa amezibwa kila upande. Pigo la kwanza alilitumia kutoka, akashindwa kugusa mpira wake, likahesabiwa kosa. Mapigo mawili yakahamia kwa yule yule aliyekosa makusudi. Akamaliza gemu. Hakuvunja sheria yoyote, na watu walimpigia makofi kwa akili yake, lakini mimi nilirudi nyumbani nimeudhika kwa sababu nilijua nani ameiruhusu ile: mimi mwenye daftari.

Tazama gemu hilo hilo kwa macho ya sheria nyingine.

Kwa Blackball, mchezaji ambaye ni wazi hakujaribu kupiga mpira wake amefanya kosa kubwa, na adhabu ya kosa kubwa ni kupoteza gemu palepale. Kama alijaribu kweli akakosa, hilo ni kosa la kawaida: mpinzani anapewa pigo moja huru, kisha anaendelea na zamu yake. Kwenye pigo huru anaweza kuicheza nyeupe ilipo, au kuihamishia nyuma ya mstari wa kufungulia, na anaruhusiwa kuanza kugonga mpira wowote, hata wa adui. Maana yake ni kwamba kumficha mtu kwa kosa hakuna faida tena.

Kwa sheria za Kimarekani, ziwe za WPA au APA, kosa lolote baada ya pigo la kufungua linampa mpinzani nyeupe mkononi, aiweke popote mezani. Kile kisukumo cha mpinzani yule kingekuwa zawadi. Mtu anaweka nyeupe anapotaka, anamaliza mpira wake, anamaliza nyeusi.

Zote mbili zinaziba tundu, ila kwa njia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua. Wamarekani hawaulizi nia. Ulikosa kwa ujanja au kwa mkono kutetemeka, bei ni moja na ni kubwa. Faida yake ni kwamba hakuna mjadala: kosa limetokea au halijatokea. Hasara tuliiona wenyewe msimu tuliozijaribu. Kwenye meza ya futi 7, nyeupe mkononi karibu ni gemu zima kwa mchezaji mzuri. Wanaoanza hukosea kila dakika chache, si kwa ubaya, na kila kosa lao lilikuwa hukumu. Timu mbili zilizokuwa na wachezaji wapya wengi ziliacha kuja kabla ya msimu kufika nusu. Mama mmoja aliyekuwa nahodha wa timu yake aliniambia, "Mwanangu, hatuji kucheza, tunakuja kutazama wenzetu wakicheza." Alikuwa anasema kweli.

Blackball inauliza nia. Anayekosa kwa bahati mbaya anapata adhabu ya kiasi. Anayekosa makusudi anapoteza. Hiyo ndiyo haki ninayoiamini. Lakini nia inahitaji mtu wa kuitambua. Nani atasema "huyu hakujaribu"? Usipolijibu swali hili kabla ya msimu, Blackball itakuletea ugomvi ule ule. Sisi tulipanga hivi: kila mechi timu ya tatu, isiyocheza siku hiyo, inatoa mtu mmoja wa kukaa karibu na meza. Hahukumu kila pigo. Anaitwa tu pale mchezaji anapoona pigo linalokuja lina utata, na anaitwa kabla halijapigwa. Aliyeita baadaye hasikilizwi. Kiraka hicho kimoja kilipunguza kelele kuliko kurasa zote za sheria.

Kugusa mpira, na kujitaja

Blackball ni kali: kugusa mpira wowote kwa mkono, nguo au fimbo nje ya pigo halali ni kosa. APA ni laini: kosa ni kugusa nyeupe, ukitikisa mpira mwingine kwa bahati mbaya, unarudishwa ulipokuwa na mchezo unaendelea.

Nilianza nikiupenda ukali wa Blackball. Nimebadilika. Baa zetu zimebana, meza iko karibu na ukuta, mtu anapiga amekunja mwili, shati refu au mtandio unaburura juu ya meza. Katika hali hiyo sheria kali inamwadhibu mwaminifu. Anayesema "nimegusa" anapoteza zamu, anayenyamaza anaendelea. Tulipochukua kanuni ya APA kwa jambo hili, watu walianza kujitaja wenyewe, kwa kuwa kujitaja hakukuwa na gharama. Kwa nyeupe tulibaki wakali, na hapo tunategemea neno la mchezaji. Nahodha anayejulikana kusema "nimegusa, zamu yako" kwenye gemu la mwisho anajenga ligi kuliko kombe lolote tutakalonunua.

Kuruka juu ya mipira litakuchukua dakika moja tu kuamua. Wamarekani wanaruhusu nyeupe iruke kihalali. Blackball inasema ni kosa. Mwenye baa aliyelipia kitambaa cha meza atakwambia yeye mwenyewe upande upi uchague.

Nyeusi

Blackball haikulazimishi kutaja shimo la nyeusi. APA inakulazimisha: unaweka alama kwenye shimo kabla ya kupiga, na ikiingia kwingine umepoteza. Mtaani inategemea baa uliyopo. Ikiwa nyeusi na nyeupe zimeingia pamoja baada ya pigo la kufungua, sheria zote zinakubaliana kwamba umepoteza.

Hapa nimewapa APA alama. Nyeusi iliyoingia kwa kubahatisha huacha uchungu mkubwa mno kwa aliyekuwa anaongoza, na kuweka kifuniko cha chupa kando ya shimo ni kazi ya sekunde mbili. Anayetaka Blackball safi bila viraka ana sababu yake pia: wachezaji wake wakienda mashindano makubwa hawatakuwa na tabia ya kuacha. Lakini zile za kugonga ukingo kwanza au shimo linalotazamana, ziacheni zibaki kwenye gemu za kupitisha muda. Mgeni hawezi kuadhibiwa kwa mila ya nyumba ambayo hakuambiwa.

Hodari dhidi ya anayejifunza

Hakuna sheria ya mezani inayoweza kufanya mechi iwe sawa ikiwa mmoja anacheza kila siku na mwingine Jumatano tu. APA imelishughulikia hili kuliko wote. Kila mchezaji wa 8-ball ana daraja la uwezo, kuanzia 2 hadi 7. Wa daraja la 7 akikutana na wa 2, mmoja anahitaji kushinda gemu saba, mwingine gemu mbili tu. Halafu timu: wachezaji watano wanaocheza usiku huo, jumla ya madaraja yao isizidi 23. Huwezi kupanga majemedari watano; ukiweka wa 7 wawili, unabakiwa na 9 kwa watatu waliobaki. Timu inalazimika kulea wachezaji wapya, na ndilo jambo zuri kuliko yote ndani ya mfumo wao.

Ubaya wake ni mtu kujishusha. Ukijua ukipanda daraja utadaiwa gemu nyingi, unacheza chini ya uwezo wako msimu mzima ili uje umalize wenzako fainali. APA wanapambana nayo kwa kuandika kila zamu na kila pigo la kujilinda, ili mtu aliyekosa kwa makusudi asionekane dhaifu kwenye hesabu. Hilo linahitaji mwandishi makini kila meza, kila usiku. Tulijaribu. Baada ya wiki tatu karatasi zilikuwa na madoa ya bia na hesabu za kukisia, na daraja lililotokana na kukisia ni dhuluma kuliko kutokuwa na daraja kabisa.

Kama timu zenu hazizidi kumi, gawanyeni ligi katika makundi mawili, la juu na la chini, bingwa wa chini anapanda. Ikiwa mnataka kuonja mfumo wa APA, chukueni lile la jumla pekee: manahodha wakae pamoja kabla ya msimu, wampe kila mchezaji alama 1, 2 au 3 kwa kuelewana, na timu ya watano isizidi 10. Watu wa mtaa mmoja wanajuana. Ni vigumu kumdanganya nahodha mwenzako kuhusu mtu anayemwona akicheza kila Jumamosi.

Walioko nje ya meza

APA inaruhusu mwenzako wa timu akuite pembeni akushauri, kwa muda mfupi na kwa idadi iliyopangwa: mara moja kwa gemu kwa mchezaji wa daraja la 4 kwenda juu, mara mbili kwa walio chini yake. Mtaani ushauri hauna kikomo. Baa nzima inanyoosha vidole, na mara nyingine anayenyoosha ameweka dau upande wa pili. Nawasihi mchukue utaratibu wa APA kama ulivyo. Anayejifunza anapata msaada, na sauti nyingine zote zinakuwa faulo ya timu inayoshangiliwa.

Kuhusu dau, mchezaji asibeti kwenye mechi yake, wala rafiki yake asibeti kwa niaba yake. Tuliwahi kuahirisha fainali kwa sababu hiyo, na ningefanya hivyo tena.

Saa pia ziandikwe. Mechi zetu zinaanza saa 12 na nusu jioni na haziruhusiwi kuanza kabla. Wengi wanakumbuka mwaka 2016 Rais Magufuli alivyowakemea vijana wanaoshinda kwenye meza za pool saa za kazi. Ligi inayocheza jioni tu, kwa ratiba, inawapa wazazi na serikali ya mtaa kitu cha kukiona kwa macho.

Ningechagua hivi

Ikiwa meza zenu ni za sarafu, wachezaji ni mchanganyiko na hamna refa, chukueni Blackball kama msingi. Ongezeni kanuni ya kugusa ya APA, alama kwenye shimo la nyeusi, na mtu wa timu ya tatu. Ikiwa mna ukumbi wenye meza kubwa na wachezaji wote wanakaribiana uwezo, za Kimarekani zitawapa mchezo wa kupendeza zaidi. Nyeupe mkononi inamfundisha mtu mzuri kuwaza mapigo manne mbele. Sheria za mtaani nazichagua kwa gemu ya Jumapili ya watu wanne wanaofahamiana, na hata hapo semeni kwa sauti kabla ya kuweka sarafu: mapigo mawili au moja, nyeusi inatajwa au haitajwi.

Chochote mtakachochagua, kiandikeni kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Wa kwetu umebandikwa ubavuni mwa kila meza, chini ya chaki, na kila nahodha ametia sahihi. Mwanzo wa kila mechi wenyeji wanausomea wageni mistari mitatu ya juu, hata kama wageni wameshausikia mara kumi: kukosa makusudi ni kupoteza gemu, mwenye utata aite kabla ya pigo, aliyegusa aseme.